Mbona Pemba hawakuinuka? Jibu kwa mwalimu kuhusu sababu za kijamii za mapinduzi

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa historia, kidato cha tano na cha sita. Tulipofika kwenye mada ya mapinduzi niliwafundisha vijana kama nilivyofundishwa mimi: Ufaransa mwaka 1789 mabepari walichoshwa na ukabaila, na Zanzibar mwaka 1964 wakulima na wafanyakazi walichoshwa na mabwana shamba. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Wete, akanyoosha mkono: kama ni dhuluma ya mashamba ya karafuu, na karafuu nyingi ziko Pemba, mbona Pemba hawakuinuka? Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma vitabu vinne na kila kimoja kinasema lake. Wanahistoria wanabishania nini hasa? Na kijana huyu nimwambie nini?

Mwalimu mwenzangu,

Mwanafunzi wako amefanya kazi ya mwanahistoria bila kujua. Amechukua visiwa viwili vilivyokuwa chini ya Sultani mmoja, Mwingereza mmoja na zao moja, akaona vimekwenda njia mbili, akauliza kwa nini. Sababu inayotajwa ipo pande zote mbili. Tokeo liko upande mmoja. Hapo ndipo ubishi wote unapoanzia, na mimi nimetumia miaka mingi ya maisha yangu juu yake, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Anza na neno lenyewe. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kupindua, kwa mambo ambayo lugha nyingine zimeyatenga. Kapteni akiiteka redio alfajiri tunasema mapinduzi. Wakulima wakichoma hati za makabaila nchi nzima tunasema mapinduzi. Na kuhusu Januari 1964, wapo Wazanzibari ambao hawalikubali neno hilo hata kidogo, wao wanasema uvamizi. Huu si ubishi wa majina. Anayesema uvamizi ameshaamua kwamba sababu ilitoka nje na haina haja ya kutafutwa ndani ya jamii. Anayesema mapinduzi ameshaamua kwamba jamii yenyewe ilikuwa imepasuka. Kila mmoja ameingia darasani na jibu mkononi. Waombe wanafunzi waliweke neno kando kwa saa moja, watazame mambo yenyewe.

Ufaransa nitaipitia upesi, maana huko ndiko ubishi ulikopata umbo lake. Maelezo uliyofundishwa yana wenyewe: Georges Lefebvre, katika kitabu chake cha mwaka 1939, na Albert Soboul baada yake. Kwa ufupi, tabaka la mabepari lilikuwa limekua kwa biashara na viwanda, vyeo na misamaha ya kodi vilibaki kwa watu wa nasaba, na mwaka 1789 sheria ikalazimishwa kuifuata mali ilikohamia. Maelezo haya ni safi, yanafundishika, na yalitawala kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1954 Alfred Cobban, aliyekuwa akisomesha London, akauliza jambo rahisi mno: hao mabepari ni kina nani? Akawatazama wajumbe wa Baraza la Tatu, yaani wawakilishi wa watu wasio makasisi wala makabaila, walioingia Versailles Mei 1789 na kukuta kwamba wenye viwanda na wafanyabiashara ni wachache. Wengi ni mawakili na watu waliokuwa na nyadhifa za serikali, nyadhifa ambazo wakati ule zilinunuliwa kama kiwanja. Mwaka 1967 Mmarekani George Taylor akaonyesha kwamba tajiri asiye na cheo na tajiri mwenye cheo waliweka mali zao mahali pamoja: ardhi, nyadhifa, hati za mikopo ya serikali. Kama mali ni ya aina moja, vita vya matabaka baina yao viko wapi? Akahitimisha kwamba 1789 yalikuwa mapinduzi ya kisiasa yaliyozaa matokeo ya kijamii, wala si kinyume chake. Sentensi hiyo ishike, nitairudia.

Usidhani upande wa kwanza ulinyamazishwa. Ernest Labrousse alikuwa amefuatilia bei za nafaka mwaka kwa mwaka, na bei hizo zinasema kitu: mavuno ya 1788 yaliharibika, na mkate wa Paris ulifika bei ya juu kabisa katikati ya Julai 1789, wiki ile ile ngome ya Bastille ilipovamiwa. Mwaka 1959 George Rudé akaingia kwenye orodha za waliovamia ngome hiyo na majalada ya polisi, akatoa watu wenye majina na kazi: maseremala, mafundi wa kufuli, washona viatu, wenye viduka wa mtaa wa Saint-Antoine. Hawakuwa wahuni wa barabarani kama maadui zao walivyodai. Hawakuwa mabepari pia. Njaa ilikuwepo, tabaka lilikuwepo, ila si lile tabaka lililoandikwa kwenye jibu la mtihani.

Uingereza nayo ilikuwa na ubishi wa namna hii kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1642, na naupenda kwa sababu ya kitu kimoja tu. Mwaka 1941 R. H. Tawney alisema vita vililetwa na wenye mashamba wa ngazi ya kati waliokuwa wakipanda juu. Mwaka 1953 Hugh Trevor-Roper akasema vililetwa na watu wa ngazi hiyo hiyo kwa sababu walikuwa wakididimia. Tafakari: tabaka likipanda, linapindua, likishuka, linapindua. Maelezo yanayokubali mambo mawili yanayopingana bado hayajaeleza kitu.

Sasa twende nyumbani.

Kitabu kikubwa cha kwanza kuhusu chanzo cha mapinduzi ya Zanzibar ni cha Michael Lofchie, kilichotoka mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya tukio. Hoja yake ni kwamba Zanzibar rangi na kazi vilikuwa vimelaliana: ardhi nzuri na madaraka kwa Waarabu, biashara na mikopo kwa Wahindi, jasho kwa Waafrika. Sensa ya 1948 inaonyesha Waafrika, ukiwaingiza Washirazi (wenyeji wa visiwani wanaojinasibisha na Shirazi ya Uajemi), wakiwa takriban robo tatu ya watu wote, na Waarabu asilimia 17 hivi. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897. Mzee wa miaka sabini mwaka 1964 alizaliwa utumwa ukiwa halali. Jambo hili huwa tunalitaja kama tarehe ya kukariri, wakati lilikuwa kumbukumbu ya watu walio hai, waliosimuliwa na mama zao.

Frederick Cooper, katika kitabu cha mwaka 1980, alieleza kilichofuata. Walioachiwa huru wengi hawakuwa na pa kwenda. Wakabaki kwenye mashamba yale yale, na baadaye wakaja vibarua kutoka Bara wakaingia katika utaratibu huo huo: unajenga kibanda kwenye shamba la mtu, unalima muhogo na viazi chini ya mikarafuu, na kwa kulima kwako magugu yanaondoka bila mwenye shamba kulipa. Ukipenda waite maskwota, kama wanavyosema Kenya. Sharti moja lilikuwa zito: usipande mti. Muhogo ni wa msimu, mti ni madai. Anayepanda mnazi leo, mjukuu wake atasema hapa ni petu. Ukiwafafanulia wanafunzi sharti hili dogo, wataelewa uhusiano wa ardhi Zanzibar kuliko wakikariri kurasa kumi za neno ukabaila, ambalo kusema kweli halikuwavaa sawasawa watu wa Unguja.

Abdul Sheriff na wenzake, hasa katika mkusanyiko aliouhariri pamoja na Ed Ferguson mwaka 1991, walikwenda hatua mbele. Walisema rangi ni pazia; nyuma yake tazama nani anamiliki na nani anafanya kazi. Na mifano wanayo. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja. Mwaka 1948 makuli wa bandari waligoma na mji mzima ukasimama. Mwaka 1951, Kiembe Samaki, wakulima walikataa ng'ombe wao wachanjwe kwa nguvu, wakiwa tayari wana uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Tukio hilo wazee wanaliita Vita vya Ng'ombe. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: chama cha Hizbu, yaani ZNP, ambacho baadaye kiliitwa chama cha Waarabu, mizizi yake inafika kwa wakulima wa vijiji hivyo. Chama kilichoanza kama cha raia wa Sultani miongoni mwa watu wa jembe ndicho kilichogeuka kuwa ZNP mwaka 1955. Kama rangi ingekuwa ukuta wa asili, hilo lisingewezekana.

Kwa msingi huu, kijana wa Wete anaweza kujibiwa hivi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo uzito wa zao ukahamia Pemba. Lakini Pemba, nchi ya vilima na mabonde, mashamba yalichanganyika. Mshirazi alikuwa na mikarafuu yake, Mwarabu jirani naye ana yake, mara nyingi si mingi zaidi; wakaoana, wakazikana, wakadaiwa na tajiri mmoja wa mjini. Unguja upande wa magharibi na kati mashamba makubwa yaliifunika ardhi ya rutuba, na Wahadimu, yaani Washirazi wa Unguja, wengi walikuwa mashariki na kusini kwenye ardhi ya mawe, wakiyatazama mashamba hayo kwa mbali. Kwa hiyo karafuu zilikuwa nyingi Pemba, ila mpaka baina ya mwenye shamba na mlimaji haukuwa mpaka wa asili ya mtu. Dhuluma haikuwa na sura moja ya kunyooshewa kidole.

Jibu hilo ni zuri. Wengi huishia hapo, na ukiishia hapo nitakuelewa. Mimi lilinitosha kwa miaka kadhaa, hadi nilipoanza kupanga matukio kwa tarehe.

Chukua suala la kufukuzwa kwa maskwota. Vitabu vya shule huliweka kama mfano wa dhuluma ya muda mrefu iliyowasukuma watu kwenye siasa. Lakini wimbi kubwa la kufukuzana lilikuja baada ya uchaguzi wa 1957, ule ambao Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani pale Ng'ambo na Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Mwenye shamba aligundua kwamba mtu anayelima chini ya mikarafuu yake ni wa Afro, yaani chama cha Karume, ASP, akamwambia aondoke. Wa Afro nao wakasusia maduka ya Waarabu na Wahindi. Kabla ya hapo uhusiano ule ulikuwa wa unyonge, ndiyo, ila ulikuwa na makubaliano, heshima za lazima na hata kusaidiana wakati wa maradhi. Sasa jiulize: ni mgogoro wa ardhi uliozaa vyama, au ni vyama vilivyozaa mgogoro wa ardhi? Ukipanga tarehe kwa uaminifu, katika jambo hili siasa ilitangulia. Ilipofika shambani ilikuta unyonge wa zamani na kuufanya uadui.

Mfano wa pili unaumiza zaidi. Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa Unguja kwa hesabu ya serikali, wengi wao Waarabu. Lakini Waarabu gani? Kwa sehemu kubwa hawakuwa mabwana wa majumba ya Mji Mkongwe wala wenye maelfu ya mikarafuu. Walikuwa Wamanga, watu waliotoka Oman miaka ya karibuni, maskini, wenye viduka vya vijijini vya sukari na mafuta ya taa, wengine wakilala ndani ya duka. Kama hasira ilikuwa ya tabaka la chini dhidi ya tabaka la juu, iliangukia wapi?

Anayetetea maelezo ya matabaka ana la kusema, na si la kupuuza: mkulima hakutani na bwana shamba mkubwa kila siku, anakutana na mwenye duka. Hapo ndipo penye mkopo, rehani na mizani inayotiliwa shaka. Lakini muuza duka maskini aliuawa pamoja na familia yake mahali pengine, na deni haliui watoto.

Ni hapa ndipo kitabu cha Jonathon Glassman cha mwaka 2011 kilipobadilisha mjadala. Yeye hakuanza na mashamba, alianza na magazeti. Miaka ya 1957 hadi 1963, ambayo wenyewe tunaiita zama za siasa, Zanzibar ilifurika magazeti madogo: Mwongozi upande wa Hizbu, Afrika Kwetu upande wa Afro, na mengine mengi yaliyotoka na kufa. Wasomi wa pande zote mbili waliandika kwa Kiswahili fasaha kuhusu nani ni mstaarabu, nani ni mgeni, nani alimfanya nani mtumwa. Wa Hizbu walisema taifa lao ni la Uislamu na ustaarabu wa karne nyingi, na mtu wa Bara akatajwa kama mshenzi aliyekuja juzi. Wa Afro walijibu kwa kuirudisha kila siku kumbukumbu ya utumwa, na Mwarabu yeyote, awe na shamba au hana hata kaniki, akawa mrithi wa hatia ile. Hoja ya Glassman ni kwamba mgawanyiko wa rangi haukuletwa wote na Mwingereza, wala haukuchipuka wenyewe kutoka kwenye udongo wa karafuu. Ulitengenezwa na watu wa hapa, kwa maneno ya hapa, na uvumi ukaufikisha kila baraza. Ndugu waliacha kwenda kwenye maziko ya ndugu. Misikiti ikagawana. Hata kahawa mtu aliangalia anakunywa kwa nani.

Niliposoma magazeti hayo mwenyewe kwenye Nyaraka za Taifa, yale yaliyosalia, nilitoka nje nikakaa muda bila kusema na mtu. Lugha ile naijua. Ni lugha ya nyumbani kwetu, tamu, yenye methali, ikifanya kazi ya kuwatenganisha majirani.

Lakini nami nina pingamizi langu kwa Glassman. Maneno ya mwandishi wa mjini kwa nini yalikubalika kwa mtu wa shamba? Kuna maneno mengi yanayoandikwa na kupotea. Yale yalishika kwa sababu yalikuta mtu aliyekatazwa kupanda mti, binti aliyeitwa mjakazi akiwa mdogo, kijana wa Ng'ambo asiye na kazi wakati bei ya karafuu imeshuka. Dhuluma peke yake haikuchora mpaka. Magazeti peke yake yasingempata msomaji wa kuyaamini.

Na ushahidi mkubwa kwamba mipaka ilichorwa na haikuzaliwa ni Washirazi. Sensa ya 1924 iliandika maelfu ya watu waliojiita Waswahili. Ile ya 1931 ikakuta waliobaki na jina hilo ni wachache na Washirazi wameongezeka, na watu ni wale wale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulitegemea umeandikwa nani kwenye kadi, na jina likawa chakula. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kuunda ASP. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi, Mohammed Shamte akiwemo, wakajitoa na kuunda ZPPP, iliyopata nguvu Pemba hasa na baadaye ikashirikiana na Hizbu. Mshirazi wa Makunduchi na Mshirazi wa Chake Chake walikuwa na jina moja na wakajikuta kambi mbili. Na mtu wa Tumbatu, kisiwa kidogo kaskazini mwa Unguja, ambaye ardhi yake nayo ni duni, mara nyingi alisimama na kambi ya Hizbu. Hapo maelezo ya ardhi peke yake yanakwama. E. P. Thompson, akiandika mwaka 1963 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza, alisema tabaka si kitu kilichopo kama jiwe, ni jambo linalotokea baina ya watu kwa muda. Sijaona hoja inayoivaa Zanzibar vizuri zaidi, ingawa yeye hakuifikiria Zanzibar hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akikuambia sababu ya mapinduzi ni kukandamizwa kwa kundi fulani, mwulize: watu hao walijijuaje kuwa ni kundi hilo, na tangu lini? Hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote katika barua hii.

Limebaki suala la wakati. Unyonge wa shambani ulikuwa na miaka sitini na zaidi. Kwa nini usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964? Theda Skocpol, aliyelinganisha Ufaransa, Urusi na China katika kitabu cha mwaka 1979, aliwaambia wanahistoria waache kutazama hasira peke yake, kwani hasira ipo karibu siku zote. Watazame dola inapolegea. Zanzibar ni mfano wa wazi. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ya Waziri Mkuu Shamte ilidumu siku 33. Haikuwa na jeshi. Haikuwa na mkataba wa ulinzi na Uingereza. Iliwaachisha kazi polisi wenye asili ya Bara, watu waliozijua ghala za silaha kuliko yeyote. Siku chache kabla ya tukio ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Na ilikaa juu ya matokeo ya uchaguzi wa Julai 1963: ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13, muungano wa Hizbu na ZPPP ukapata viti 18 kati ya 31. Mipaka ya majimbo ilifanya kura za ASP zirundikane mahali pamoja. Huo ni uchungu wa kisiasa, wala si wa muhogo na karafuu, na hauhitaji nadharia ya matabaka kuelezeka. Usiku ule zilivamiwa ghala za polisi za Ziwani na Mtoni, na kufikia asubuhi serikali haikuwa na cha kujitetea.

Aliyevamia ni nani? Hapa kila anayesimulia anachagua mtendaji, na kwa kumchagua amechagua sababu. John Okello, mzaliwa wa Lango huko Uganda aliyewahi kuishi Pemba akifanya vibarua, alichapisha kitabu mwaka 1967 akijiweka katikati ya kila kitu. Ifikapo Machi 1964 alikuwa ameshaondolewa visiwani. Simulizi rasmi inamweka kando na kuitaja Kamati ya Watu 14 na Umoja wa Vijana wa ASP chini ya Seif Bakari. Babu aliandika kwamba mapinduzi yalianza kama ghasia za watu wasio na kazi maalumu mjini na wenzake wa Umma wakayapa mwelekeo. Harith Ghassany, katika kitabu chake cha mwaka 2010 chenye masimulizi mengi ya waliohusika, anasisitiza mkono wa Tanganyika na vibarua waliovushwa kutoka mwambao wa Tanga. Rudé alikuwa na orodha ya waliovamia Bastille, yenye kazi za watu na mitaa yao. Sisi hatuna orodha kama ile, tuna kumbukumbu zinazoshindana, na baadhi ya wenye kumbukumbu walikuwa na sababu nzuri za kunyamaza. Hata idadi ya waliouawa siku zile inatajwa kuanzia mamia hadi maelfu mengi, na nyuma ya kila makadirio kuna familia ambazo hazijapata hata kaburi la kulisomea dua. Mwalimu yeyote anayefundisha sababu za mapinduzi haya bila kuwataja waliokufa ananihuzunisha.

Nilikuambia uishike sentensi ya Taylor. Machi 1964 ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu. Tangu hapo eka tatu zimetumika kama ushahidi kwamba mapinduzi yalikuwa ya ardhi tangu mwanzo: waliopewa ardhi lazima ndio waliopigania ardhi. Haifuati. Waliobeba mapanga usiku ule, kadiri tunavyoweza kujua, wengi walikuwa watu wa mjini, polisi wa zamani, vijana wa Ng'ambo na vibarua. Mkulima aliyepewa eka tatu huenda usiku huo alikuwa amelala. Ugawaji ulikuwa uamuzi wa serikali mpya iliyohitaji uhalali, na ulibadilisha maisha ya watu kwelikweli. Lakini tokeo la kijamii ni tokeo. Ukilirudisha nyuma na kulifanya sababu, umeandika historia kuanzia mwisho.

Sasa kijana wa Wete. Mwambie kwamba Pemba kulikuwa na dhuluma, kulikuwa na maskini, na kulikuwa na wapiga kura wa ASP si wachache. Kisichokuwepo ni njia fupi kutoka kwenye unyonge huo kwenda kwenye jina moja la adui, kwa kuwa adui anayetajwa gazetini alikuwa mjomba, mkwe au jirani wa mpaka wa shamba. Mwambie pia kwamba dola iliyoanguka ilikuwa na ghala zake Unguja, vijana wa Ng'ambo walikuwa Unguja, na mtawala mpya alipofika Pemba siku zilizofuata hakukuta serikali ya kupinduliwa. Kisha mpe kazi. Aende kwa bibi au babu yake likizo hii, asiulize mapinduzi yalisababishwa na nini, maana hapo atapewa jibu la chama. Aulize mambo madogo: shamba la jirani lilikuwa la nani, nani alilima chini yake, nani aliruhusiwa kupanda mti, mlisitisha lini kwenda kwenye maziko ya watu fulani, na nani alianza. Aandike majibu kama yalivyosemwa, hata yakipingana. Akirudi, waulize na wa Unguja mambo hayo hayo, muyasome darasani kwa sauti, na wewe usiwaambie mapema yupi amesema kweli.

Kuhusu mtihani wa taifa, akiulizwa sababu za mapinduzi, aandike zile zinazotarajiwa, na aziandike vizuri. Ila akikuletea insha inayouliza mbona Pemba hawakuinuka, mpe alama zote.